Semina ya uongozi wa biashara, siku mbili kwa laki tatu na nusu: siku ya kwanza ungeweza kulala

Kuna watu wameniuliza kama hizi semina za uongozi wa biashara zina faida au ni kuliwa hela tu, na mi nilikaa kimya makusudi. Nimetoka kwenye moja miezi minne iliyopita, na ukiandika ile wiki ya kwanza unakuwa bado umejaa upepo, unaona maisha yamebadilika kumbe ni yale makofi tu yanalia kichwani. Sa hivi upepo umeshatoka, nimebaki na mikate yangu, naweza kusema ukweli. Waandaaji siwataji, atakayeshiriki kama mimi atawatambua mwenyewe.

Kwanza mjue nani anaongea. Nina kiwanda cha mikate Kimara, Dar es Salaam, nikisema kiwanda msipate picha ya mageti na moshi, ni banda la nyuma ya nyumba, oveni moja ya gesi ya deki mbili, mashine moja ya kukandia ambayo ina kelele kama inasaga mawe, na vijana tisa, wawili kati yao ni wa guta wanaopeleka mkate kwa mangi, wale wenye maduka ya mtaani, alfajiri. Mfuko mmoja wa unga wa kilo 50 unanitolea mikate kama 140 ya saizi yangu. Mwaka wa saba huu. Sijasomea biashara wala uongozi, nimesomea ushonaji.

Tangazo nililiona kwenye stetasi ya rafiki yangu, kwamba utatoka na misingi yako binafsi ya uongozi iliyoandikwa, na kwamba bei ni laki tano ila kwa ofa ni laki tatu na nusu, ofa inaisha Ijumaa. Nikalipa Alhamisi kwa kihoro. Ijumaa ilipoisha ofa ikasogezwa, na Jumatatu ikasogezwa tena, na yule kaka niliyekaa naye meza moja alilipa mlangoni asubuhi yenyewe, laki tatu na nusu ileile, na risiti akapewa haraka kuliko mimi. Hiyo peke yake ilitakiwa iwe somo la kwanza.

Ukumbi ni Sinza, kufika sio shida, mi nilipanda mwendokasi Kimara nikashuka Shekilango nikamalizia na bajaji. Viti vizuri, kiyoyozi kinafanya kazi hadi kinakera. Chai ya saa nne nisiseme sana maana nitaonekana nina wivu wa kibiashara, ila zile skonzi zilikuwa za jana yake, mtu wa mikate humdanganyi, ukiibonyeza haipandi inabaki na kidole chako. Mchana pilau na kuku, hapo wamejitahidi, ndizi mbivu zilikuwepo za kutosha, hadi watu wakabeba.

Siku ya kwanza sasa. Kijana mmoja suti imembana, kiatu kimechongoka, kipaza sauti cha kuvaa sikioni kama anaimba kwaya, anatembea ukumbi mzima. Slaidi 96, najua ni 96 kwa sababu namba ilikuwa inaonekana pale chini pembeni na mi nilikuwa nazihesabu kama mfungwa. Matajiri wa Marekani mmoja baada ya mwingine, huyu anaamka saa kumi alfajiri, huyu anaoga maji ya baridi, huyu hasomi barua pepe kabla ya chai. Jamani mi naamka saa nane na nusu usiku miaka saba hii na maji ya moto sina, nilitakiwa niwe nimeshanunua ndege. Kila baada ya dakika kumi anatuambia tumgeukie jirani tumwambie "wewe ni kiongozi". Jirani yangu alikuwa na duka la vipuri Ilala, nikimgeukia tunacheka tu.

Kuna dada alinyoosha mkono akauliza mbona hakuna mfano hata mmoja wa hapa, mbona Reginald Mengi hayupo? Na kweli, mtu alikuwa mhasibu Coopers & Lybrand, kalamu zikaadimika madukani, akaanza kuziunganisha nyumbani kwake, kutoka hapo mpaka IPP, ITV, Radio One na hayo maji ya Kilimanjaro tuliyokuwa tunakunywa mezani palepale. Kijana akasema ni mfano mzuri sana, atauongeza toleo lijalo, akabonyeza slaidi ya 41.

Jioni ndo tukapewa zoezi lenyewe lililotangazwa, kila mtu aandike misingi yake mitano ya uongozi kwenye karatasi nzuri yenye mapambo pembeni. Tukaandika, tukasoma kwa sauti. Mi niliandika uaminifu, nidhamu, kujituma, kumcha Mungu, ubunifu. Wa vipuri kaandika uaminifu, nidhamu, kujituma, kumcha Mungu, kumjali mteja. Ukumbi mzima hivyohivyo, watu arobaini na kitu, kama wosia ulioandikwa na wakili mmoja akawa anabadilisha majina tu. Makofi yakapigwa. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikamwambia mume wangu kesho siendi, akasema umelipa, nenda hata ukale pilau.

Nikaenda kwa ajili ya pilau.

Siku ya pili walimleta mzee mmoja mstaafu, alifanya kazi viwandani kitengo cha ubora miaka mingi halafu akawa anafundisha kaizeni, ule mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogokidogo. Anaongea taratibu mpaka watu wa nyuma wakalazimika kusogea mbele. Hakuwasha hata projekta, alikuwa na karatasi kubwa za kugeuza na kalamu nene moja inayokaribia kuisha wino. Tukamwamkia, akaitikia, akasema jana niliambiwa mmeandika misingi mitano kila mtu, naomba msiitupe, tutaihitaji baadaye. Kumbe alikuwa anatutegea.

Akaanza na hadithi ya cherehani, yaani mi nilidhani cherehani, ni mashine ya kufuma nguo. Sakichi Toyoda wa Japani, huyu ndo ukoo uliokuja kutengeneza magari ya Toyota, alikuwa mtu wa mashine za kufuma. Shida ya mashine za wakati ule uzi ukikatika mashine haijui, inaendelea kufuma kitambaa kibovu, kwa hiyo lazima mtu asimame anaikodolea macho kutwa nzima. Yeye akatengeneza ambayo uzi ukikatika inasimama yenyewe, na ile iliyokuja kumtajirisha ilitoka 1924. Hapo mtu mmoja akaweza kuangalia mashine nyingi kwa pamoja. Mwanawe Kiichiro akaja kuanzisha kampuni ya magari, 1937, na lile wazo la baba yake likaingia mpaka kwenye magari, ila sasa badala ya uzi ni mtu. Kwenye mstari wa kuunganisha gari wakaweka kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi. Ukiona kitu hakijakaa sawa, bolti haijaingia, mlango umepinda, unavuta, taa inawaka, msimamizi anakuja mbio, na mkishindwa kulimaliza haraka mstari unasimama. Anayevuta si meneja, hata aliyeajiriwa Jumatatu anavuta.

Mzee akatuuliza, dakika moja ya kiwanda kama kile kusimama ni hela kiasi gani? Watu wakakisia mamilioni. Akasema basi yule bosi ameamua kwamba kuambiwa ukweli mapema ni rahisi kuliko hizo hela zote. Huo ndo msingi, ameulipia. Sasa chukueni karatasi zenu za jana, mniambie ule uaminifu mliouandika mmeshaulipia shilingi ngapi.

Kimya. Kiyoyozi tu kinasikika.

Akatoa na mfano wa jirani, Bob Collymore alipokuwa anaongoza Safaricom, mwaka 2015 aliweka mali zake hadharani watu wote waone, kitu ambacho hakuna sheria iliyomlazimisha bosi wa kampuni kufanya. Mzee akasema ukikubaliana naye ukimkatalia, walau unaona pale kuna kitu kimetoka mfukoni mwake, faragha pia ni mali.

Halafu ndo akauliza swali ambalo kwangu mimi limebeba hela yangu yote. Akasema andika tarehe ya mara ya mwisho mfanyakazi wako alipokuletea habari mbaya mwenyewe, kwa hiari yake, kabla haijaharibika zaidi na kabla hujaigundua. Tarehe na habari yenyewe. Akatupa dakika tano.

Nilishika kalamu. Nikafikiria wiki iliyopita, mwezi uliopita, nikaenda mpaka Krismasi. Hakuna. Yaani vijana tisa, mwaka mzima, hakuna hata mmoja aliyewahi kunijia akasema mama, hapa nimeharibu. Mwanzoni nikajidanganya kwamba ni kwa sababu wanafanya kazi vizuri. Halafu nikakumbuka ile mikate.

Ngoja niwaambie hiyo mikate. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu, na nilikuwa najivunia, kwamba mkate ukiungua kijana wa oveni anakatwa shilingi 500 kwenye mshahara, na daftari la faini lilikuwa limetundikwa ukutani kwa kamba. Mwezi wa kwanza faini zilikuwa nyingi, wa pili zikapungua, wa tatu ukurasa ukawa mweupe kabisa, nikatembea kifua mbele, nikasema unaona, nidhamu hiyo. Sasa siku moja natafuta spana ya kubadilishia mtungi wa gesi, nikasogeza mitungi ile mitupu kule nyuma, nikakuta mfuko wa unga umefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Nikaufungua. Mikate 23 myeusi chini kama makaa, mingine imeshaota ukungu wa kijani. Walikuwa wanaificha halafu wanaitoa kidogokidogo na guta alfajiri kwenda kuitupa. Na ile iliyoungua kidogo tu walikuwa wanaikwangua kwa kisu na kuiweka katikati ya kreti, juu na chini mizuri. Ndo maana mangi wangu wawili walikuwa wameacha kuchukua bila kusema kwa nini, na shule moja iliyokuwa inachukua mikate 60 kila siku ikahama. Mi nilikuwa nawalaumu washindani, nilishawapa hadi majina ya ushirikina.

Nilipowabana siku ile walikataa wote. Nikawakata wote. Sasa nimekaa pale Sinza na kalamu mkononi ndo naona kwamba oveni ile deki ya chini kumbe ilikuwa ina tatizo la moto kwa miezi, inaunguza upande wa kushoto, na kila kijana aliyepita pale alikuwa anajua isipokuwa mimi mwenye oveni. Kamba nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimewatoza faini ya kuivuta.

Mzee alipita mezani akaona karatasi yangu tupu, hakusema neno, akanigusa bega akaenda meza nyingine.

Baada ya hapo kuna muuguzi mmoja alisimama akasema hata wao hospitalini wanayo haya mambo ya Kijapani, ile Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, zile S tano ambazo ukienda hospitali za serikali unazikuta zimebandikwa ukutani, Mbeya hospitali ya rufaa walianza 2007. Mzee akacheka, akasema tatu za kwanza zinafanyika vizuri sana siku mgeni anakuja, wewe niambie Shikilia. Muuguzi akakaa chini anacheka na yeye.

Kitu kingine cha maana, na hapa nawalaumu waandaaji kwa moyo wote, walimleta dada mwanasheria wa mambo ya kazi wakampa nusu saa. Nusu saa! Yule wa suti kapewa siku nzima. Huyu dada ndo aliyenifumbua macho kwamba ile faini yangu ya 500 haikuwa tu ujinga, ilikuwa ni kuvunja sheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hasara huwezi kumkata mtu hivihivi, lazima ionekane ni kosa lake, umwandikie kiasi na sababu, umpe nafasi ya kupinga, na makato kwa ujumla yasizidi robo ya mshahara wake. Halafu akauliza nani ana watu wanaofanya kazi usiku, nikanyoosha mkono kwa kujiamini. Akasema kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kila saa inaongezewa asilimia 5 ya ujira wa msingi, unawalipa? Mkono ukashuka wenyewe.

Nilipiga hesabu kwenye simu ndani ya mwendokasi wakati wa kurudi, nimebanwa mlangoni. Kijana wangu wa usiku ana 240,000, ukigawanya kwa masaa ya mwezi ni kama 1,230 kwa saa, asilimia 5 yake ni shilingi 61 na senti. Masaa saba kwa usiku, siku 26, inakuja kama 11,200 kwa mwezi. Elfu kumi na moja jamani. Nilikuwa nimewadhulumu vijana watatu kwa hela ambayo kwenye harusi natoa bila kufikiria. Nimeanza kuilipa mwezi ule ule, na malimbikizo nawalipa kwa awamu, bado sijamaliza, msinisifie.

Mabaya mengine niyamalize haraka. Muda hawatunzi, saa mbili ni saa tatu na robo. Cheti wameniandikia jina la baba kwa herufi zisizo zake. Grupu la wasap walilosema ni la kuleana kibiashara sasa hivi ni "asubuhi njema viongozi" na mtu mmoja anayeuza foreksi. Na tangu semina iishe nimepigiwa simu mara tano nijiunge na ngazi ya juu ya milioni moja na laki mbili, nimewauliza mzee atakuwepo, wanasema bado wanathibitisha.

Sasa je, imefanya kazi? Niliporudi daftari la faini nililichana mbele yao, na nikawaambia atakayeniambia kitu kimeharibika kabla sijakiona hakatwi hata senti. Wakaitikia "sawa mama" ile ya kumridhisha mtu. Wiki tatu hakuna kitu. Wiki ya nne, saa saba usiku simu inaita, kijana wa oveni, sauti ya chini kama anaiba, "mama samahani, deki ya chini moto umegoma kabisa, na mikate imeshaumuka." Nikachukua bodaboda. Nilikuta wamepanga mabati 90 kwenye meza, unga umevimba mpaka unamwagika pembeni, na mmoja ambaye hakuwa zamu kaja kutoka kwao Kibamba baada ya kupigiwa. Tukaoka kwa deki moja ya juu kwa mafungu, mingine ilichachuka tukaitoa kafara, lakini mikate 70 na kidogo ilitoka na guta lilichelewa saa moja tu. Fundi alipokuja asubuhi alikuta bomba la gesi la deki ya chini limeziba masizi, kazi ya elfu thelathini na tano. Miezi yote ile nimekata watu kwa sababu ya masizi.

Lakini nisijipake mafuta. Mwezi uliofuata kijana wa guta alikuja kuniambia mwenyewe kwamba amepoteza elfu 48 ya mauzo, na mimi nikamfokea mbele ya watu mpaka mate yakaruka. Hela hatujaiona mpaka leo. Nilimwomba radhi jioni, akasema yameisha mama, ila kwa wiki mbili zilizofuata banda zima lilikuwa kimya, nilikuwa naingia mazungumzo yanakatika. Sasa hivi ndo wameanza tena kunitania kidogokidogo. Kwa hiyo ukiniuliza semina imenibadilisha nitakwambia imenipa swali moja ambalo kila mwisho wa mwezi najiuliza, tarehe ngapi na habari gani, na mwezi huu nina tatu zimeandikwa nyuma ya kalenda ya benki.

Nyota natoa tatu kwa tano. Mbili na nusu ni za mzee, nusu ya mwanasheria, pilau haihesabiwi. Kama una duka na mtu mmoja unayekaa naye kutwa, hela yako tunza, huna haja. Kama una watu wanaofanya kazi wakati wewe umelala, nenda, ila siku ya kwanza fika saa saba mchana.

Niliwaandikia waandaaji nikawauliza kwa nini wasiuze siku ya pili peke yake hata kwa laki mbili, mi ningepeleka na msimamizi wangu wa zamu. Wakajibu asante kwa maoni, tutakurudia. Hii ni wiki ya sita. Cheti nimekitundika stoo, juu ya makopo ya hamira, pale ambapo panya alikuwa anapitia.